Nimelinyoosha Gitaa la Baba Mkwe

Mshauri, niokoe kabla mashine haijaanza kuchapa santuri.

Mimi ni fundi wa sauti, nasafisha kanda za zamani ili zitolewe upya kwenye santuri, na kazi hii naijua vizuri, lakini safari hii kanda ni ya baba mkwe wangu mwenyewe, ambaye enzi zake alipiga muziki wa bluzi kwa gitaa la umeme, watu wakamwita Kidole Chuma kwa sababu ya kipande cha bomba alichokivaa kidoleni na kukitelezesha juu ya nyuzi mpaka gitaa likalia kama mtu, na sasa mkono ule umepooza, hapigi tena, kilichobaki kumtambulisha kwa wajukuu ni kanda hiyo. Nilitaka kumheshimisha, mshauri, nikaondoa mngurumo wa spika, nikaondoa kishindo cha mtu aliyekuwa akigonga mguu sakafuni, halafu kila noti iliyoyumba nikainyoosha kwa kompyuta ikasimama wima kama askari. Santuri ya majaribio ilipotoka nikampelekea sebuleni, akasikiliza upande mzima, kisha akauliza, "Mkwe, huyu kijana anapiga vizuri. Ni nani?"

Mume wangu akadakia, "Baba, si wewe huyo!"

Mzee akautazama mkono wake. "Haya. Kama mnasema ni mimi."

Tangu hapo hataki hata redio iwashwe. Mume wangu anasema niachane naye, mzee amesahau tu, wanunuzi wanataka sauti safi, na bosi wangu ameshaisifu kazi. Kiwanda kinasubiri neno langu. Je, niidhinishe, au nibomoe nilichokifanya kwa mapenzi?

Mkwe Mwenye Masikio

*

Masikio unayo, mkwe. Siku ile uliyazima.

Pole, najua ulikusudia mema. Lakini hukusafisha wewe, ulifua mpaka ukatoboa nguo! Unachukua muziki ambao utamu wake wote uko kati ya noti na noti, pale bomba linapoteleza, linapochelewa, linapokaribia kukosea, halafu unaupiga pasi? Huko kuyumba ndiko alikokuwa yeye. Noti zilizonyooka hata kengele ya mlango inazo.

Na mumeo aache kumsingizia baba yake usahaulifu. Mzee alikaa akajitafuta upande mzima wa santuri, hakujikuta. Usahaulifu gani huo? Huyo anazikwa angali hai, tena na watoto wake, tena kwa makofi.

Halafu hao "wanunuzi wanaotaka sauti safi", nani amewauliza? Anayetaka usafi akanunue sabuni. Mtu anayeiacha simu mfukoni, akanunua santuri na kuishusha sindano kwa mkono wake, anakitaka chumba kile alimorekodiwa mzee, na spika ile iliyokuwa ikinguruma kwa kuzidiwa.

Usiidhinishe. Piga simu kiwandani leo, sema, "Simamisheni." Bosi akifoka, mwache afoke, koo ni lake. Kisha itoe kanda ya asili kama ilivyokuja, mchukue baba mkwe, mketishe studio kwenye kiti kizuri. Usimtolee hotuba ya kuomba radhi. Bonyeza, icheze. Mikwaruzo ya kanda kuchakaa iondoe, hiyo ndiyo kazi yako. Lakini kila kinachotoka kwenye gitaa, usiguse kabla hujamuuliza, "Baba, hiki kibaki?" Akisema kiondoke, kiondoe. Mumeo naye aje, akae nyuma, anyamaze.

Na wewe usimtazame mzee usoni, atakuonea haya. Mtazame mguu. Huyo "mtu" aliyekuwa akigonga sakafu, ukamfuta, ulidhani ni nani? Wapigaji wa namna yake hujigongea wenyewe. Mguu huo ukianza tena, ondoa mkono wako kwenye mashine, wapigie kiwandani, waambie wachape hiyo.