Nilimwambia Mama Kibao ni Zawadi

Iringa, Mei 1957

Mpendwa Bibi Rukia,

Naomba msaada wako, na nakuandikia kwa Kiswahili ingawa shuleni kwetu Kiswahili nacho ni kosa sawa na Kihehe, maana mimi ni mwalimu wa shule moja ya kati huku Iringa, na sheria yetu ni kwamba mwanafunzi akisikika anasema lugha isiyo Kiingereza anavikwa shingoni kibao cha mti kutwa nzima, nami nilikivaa sana nilipokuwa mdogo, leo ndimi ninayewavika wengine.

Mwezi uliopita mama yangu, ambaye hajui lugha ila Kihehe, alikuja kwa miguu kutoka kijijini kunitazama, akapita mbele ya darasa la nane akawasalimu watoto, "Kamwene!", wote wakanyamaza kwa kuogopa kibao isipokuwa binti mmoja, Evarista, ambaye alipiga magoti akamwitikia vizuri kwa Kihehe na kumpokea kikapu, na Mwalimu Mkuu alikuwa dirishani anatazama, basi nikaogopea kazi yangu, nikachukua kibao nikamvika yule mtoto palepale, mama akaniuliza ni kitu gani kile, nikamjibu ni zawadi ya adabu. Bibi, mama alipiga vigelegele! Akamshika Evarista mashavu akimshukuru, mtoto akalia, na tangu siku ile hajarudi shule.

Baba yake, Mzee Saulo wa Ipogolo, amempeleka Ubaruku kwa shangazi yake awinge ndege kwenye mpunga, na nilipomwendea aliniambia, "Mwalimu, mimi huyu nimemfundisha kusalimia wakubwa. Wewe umemfundisha nini? Ukiri kosa mbele ya wenzake, ndipo nitamruhusu." Mtihani ni mwisho wa mwaka na kwa hesabu binti yule hana mwenzake, lakini nikikiri Mwalimu Mkuu ataona namdharau, wataniita mtu wa siasa, na siku hizi mwalimu akishaitwa hivyo kazi hana, na huku mama anasimulia kijiji kizima jinsi mwanawe alivyomtunuku mtoto mwenye adabu. Nifanyeje?

Mwalimu Mwenye Haya

*

Mwalimu,

Pole. Mara ya kwanza nilipoisoma barua yako nilikasirika hata chai ikapoa. Mara ya pili nikakuonea huruma, kwa sababu kibao ulivikwa wewe kwanza, na hakuna aliyekuja kukwambia pole.

Kiingereza kifundishwe, tena sana. Wanangu wanakisoma hapa Mbeya na mimi najisifu nao sokoni. Lakini niambie, Evarista angemjibu mama yako "gudi moning", nani angefaidika? Elimu inayomtaka mtoto amnyamazie mama mzee mwenye kikapu ina kasoro, na kusema hivyo si siasa. Au kama ni siasa, basi mama yako ni mwanasiasa tangu alipokufundisha kuamkia.

Uongo wako ndio ulionichoma. Mtoto aliaibishwa, kisha akapigiwa vigelegele kwa aibu yake! Ila nakwambia jambo moja: ulisema "zawadi" kwa sababu moyoni ulijua anastahili zawadi. Hujaharibika. Umeogopa tu, na kuogopea mkate si dhambi ya ajabu.

Sasa fanya hivi. Anza na mama, umwambie kweli yote. Atalia, naye atakusamehe kabla wewe hujajisamehe. Kisha mwone Mwalimu Mkuu uso kwa uso, kabla hajasikia kwa watu, umwambie kwa Kiingereza chako kizuri kabisa kwamba unakwenda kukiri kosa lako mwenyewe, sheria yake huigusi. Mwite Mzee Saulo asimame mlangoni mwa darasa, useme kwa Kihehe ili aelewe kila neno. Wakikuvika kibao, kivae. Evarista alikivaa bila kosa, wewe unalo. Wakikufukuza, niandikie, wapo watu wanaotafuta walimu na hawaulizi habari za vibao.

Halafu panda lori mpaka Ubaruku, wewe na baba yake, kabla mpunga haujavunwa na binti hajazoea kwamba shule imekwisha. Ukifika usimwamrishe kurudi. Mwombe radhi, kisha unyamaze, umwache akujibu kwa lugha anayoitaka yeye.

Bibi Rukia