Fomu ya vidole vya Salome

Ijumaa, Kimara

Eti tuyamalize kifamilia! Juzi Salome kakatwa vidole viwili na mashine ya kusaga plastiki, bado yuko wodini, halafu bosi anataka tumpelekee mchele na sukari, tumpe pole, yaishe. Fomu ya wakaguzi wa serikali ibaki kwenye droo.

Nimegoma. Mie ndiye ofisa usalama wa kiwanda, ajali kama hii lazima niiripoti.

"Basi andika alizembea," akasema.

"Bosi, wenzake wanasema ule mfuniko wa meno ya mashine mliutoa tangu wiki iliyopita, ili kazi iende haraka."

Akanuna. Mchana mume wa Salome naye kanipigia: "Sista, tafadhali usiripoti, watamfukuza."

Nimerudi nyumbani nikaijaza ile fomu kwa hasira. Mwisho wanataka niambatishe karatasi ya ukaguzi wa siku ya ajali. Nikaitoa kwenye faili. Mfuniko: upo, salama. Saini yangu.

Hizo karatasi huwa nazipiga tiki zote Jumatatu, za wiki nzima, nikiwa mezani nakunywa chai.

Fomu imeshajaa. Imebaki karatasi hiyo tu, na tangu saa moja natafuta sababu ya kutoiambatisha.