Mtoto Anyonye Ndege Ikishuka

Ruaruke,
Wilaya ya Kibiti,
Pwani.

14 Julai 2024

Mjukuu wangu mpendwa Yasmini,

Assalaam alaikum. Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujamaliza kufungua bahasha. Hujambo? Na Ismaily, huyo aliyekuchukua kwangu akakupeleka Muscat kwenye joto, anaendeleaje na kazi? Nurdini anatembea sawasawa sasa, au bado anashika kuta? Huku mvua zimekwisha, mpunga umevunwa, na ngedere wamekula fungu lao la mahindi bila kumwomba mtu.

Barua hii nampa jirani yetu Habiba, anayerudi huko wiki ijayo. Sikutaka kukurekodia sauti kwenye simu. Nyumba hii ukianza kurekodi, wote wanakusanyika uani, na kabla hujamaliza sentensi dada yangu Mwajabu ameshaijibu.

Mama yako Sihaba ameniambia kwamba hupandi ndege tena mpaka Nurdini atimize miaka mitano. Sikulaumu. Mara ile mtoto alipiga kelele kutoka mawinguni mpaka Dar es Salaam, na hapa nyumbani akashinda anashika masikio. Mlipoondoka ikawa vilevile. Lakini miaka mitano, Yasmini! Nimechoka na watu wa nyumba hii, sasa nawe umeingia kundini.

Nianze na bibi yako Mwajabu. Unaijua kawaida yetu ya delta: mama akishuka mtumbwini na jua la safari, hanyonyeshi mpaka akamue maziwa ya kwanza ayamwage, kwa kuwa yamepata joto na kutikiswa. Mtumbwini sikuwahi kugombana na mtu kwa jambo hilo. Lakini dada yangu akaichukua kawaida hiyo akaipandisha ndegeni! Akakuusia ukiwa juu usimpe mtoto ziwa hata kidogo, utue kwanza, ukamue, ndipo umpe. Nawe uliyesoma mpaka chuo ukamtii, ukamnyima mtoto titi saa ileile aliyolihitaji.

Nilipomwambia hivyo, alinitazama kuanzia miguuni. "Kaka, wewe umesomesha watoto wa watu Mbuchi mpaka ukazeeka," akasema. "Umeshanyonyesha wangapi?" Sihaba akacheka mpaka akaacha kupepeta mchele. Nikamjibu kwamba sijanyonyesha, lakini nimezama. Utotoni kule Kiongoroni nilikuwa nikizamia nanga zilizonasa kwenye mizizi ya mikoko. Kila nikishuka masikio yaliniuma kama yanatobolewa, nikimeza mate yanafunguka. Akasema, "Basi mnyonyeshe wewe."

Yasmini, jambo lenyewe si gumu. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna kijia kinachoteremka mpaka kooni. Ndege ikishuka, hewa ya nje inaisukuma ile ngoma kwa ndani. Mtu mzima humeza mate au hupiga miayo, kijia kikafunguka, hewa ikalingana. Kijia cha mtoto ni chembamba, na hakuna wa kumwambia ameze. Akinyonya, anameza. Ndiyo dawa yote hiyo, nasi tukamwambia mama aifiche ndani ya nguo.

Mjomba wako Bushiri naye ana lake. Anataka umzibe mtoto masikio kwa pamba iliyochovywa mafuta ya nazi yaliyochemshwa na kitunguu. Nilimuuliza pamba itaizuia hewa kwa njia gani, akasema kila mtu anajua. Usimtie mtoto kitu chochote sikioni. Na usimpe dawa ya kumlaza, hata akikushauri nani, maana aliyelala hamezi ipasavyo.

Sikuyatoa kichwani mwangu tu. Nilimuuliza daktari niliyepelekwa kwake Kibiti. Alisema umnyonyeshe ndege inapopanda, na hasa inapoanza kushuka. Usingoje uone uwanja: kushuka huanza kama nusu saa kabla ya kutua. Akiwa amelala, mwamshe mapema. Akilikataa ziwa, mpe maji kwenye kikombe chake, anywe kidogo kidogo akiwa amekaa wima. Pipi na bazoka za kutafuna usimpe, bado mdogo, zitamkaba. Kabla ya safari mpeleke akaangaliwe masikio. Akiwa na mafua mazito au sikio linauma, daktari wa huko aseme kama asafiri au mngoje, na kama ipo dawa ya maumivu ya kumpa.

Sasa utajiuliza mimi nilipelekwa kwa daktari kufanya nini.

Kila ukipiga simu unaambiwa babu hajambo, anakula, yuko msikitini. Usimkasirikie mama yako. Mimi ndiye niliyewaagiza waseme hivyo. Msikitini sijafika tangu Ramadhani. Naswali nimekaa kitandani. Moyo umechoka, miguu imejaa maji, na daktari alipomaliza kuzungumza na mimi alimwita Sihaba nje. Nilifundisha miaka mingi, naijua maana ya kuitwa nje. Nilificha kwa sababu sikutaka uje kwa kuhurumia mgonjwa. Ulikuwa ujinga wangu, na leo nauacha.

Siifikii hiyo miaka mitano, Yasmini. Pengine sifiki hata mavuno mengine. Nurdini alikaa siku chache kwangu, na kwa maumivu yale ya masikio yake nilichosikia ni kilio tu. Sauti yake ya kucheka siijui.

Msalimie Ismaily, umwambie simdai kitu ila ruhusa ya kuwaleta. Mama yako anakusalimu, mjomba Bushiri anakusalimu na pamba yake. Mwenyezi Mungu awaepushie kila la kuwadhuru angani na ardhini, na anijaalie nami kuwapokea.

Nilipofika hapa Mwajabu ameingia, akanilazimisha nimsomee. Nilipoifikia habari ya Sihaba kuitwa nje, aliketi kitandani kwangu, akaniacha nimalize sentensi zote. Kisha akasema: "Mwandikie amnyonyeshe huko juu, amnyonyeshe njia nzima. Lakini akifika hapa akamue kidogo tu, jamani, kidogo tu." Mkubalie. Mtakuwa mmeshafika, hakutamuumiza mtu. Akukalishe uani mkamue mpaka aridhike, na Nurdini umlete huku ndani kwangu.

Babu yako asiyeacha kukupenda,

Abdulswamadu Kondo