Mama, Nimewaambia Kuhusu Mguu Wangu

Mama yangu wa Mpwapwa,

Shikamoo huko uliko. Nimepata kazi! Nimeanza na hilo kwa sababu najua usingekuwa na subira ya kusikiliza utangulizi.

Unakumbuka tulivyokuwa wa kwanza kufika kila mahali? Kanisani tuliingia kabla ya mpiga kengele, arusini kabla viti havijapangwa, na kote tukaondoka wa mwisho. Watu wakatusifu kwamba tuna ibada. Kumbe ulitaka wanikute nimeketi, magongo yamelala chini ya benchi, mguu umefunikwa na kitenge.

Hata kwenye ule usaili wa kwanza Dodoma ulinisindikiza kwa mbinu hiyohiyo. "Wahi kiti, mwanangu. Wakuone uso kwanza." Nikawahi. Jopo lilipoingia ukumbini, wenzangu wote wakasimama, "Shikamooni!" Mimi nikaamkia kutoka kitini kama mwenyekiti wa kijiji. Mzee mmoja akaniuliza, "Binti, kwenu wakubwa mnawaamkia mmekaa?" Ningesema neno moja tu angeelewa, lakini nilikuwa nimekuahidi sitautaja mguu. Kazi ikaenda kwa mwingine. Nilipokusimulia kule stendi ulicheka mpaka khanga ikakuvuka bega, kisha ukalia. Nilikupenda sana siku ile, Mama, ingawa sikukuambia.

Ulipofariki nilikaa muda bila kuomba kazi yoyote. Mwaka huu likatoka tangazo la ajira serikalini, na chini kabisa limeandikwa kuwa watu wenye ulemavu wanahimizwa kuomba. Fomu ilikuwa na sehemu ya kueleza ulemavu. Nilizunguka nayo siku mbili, naona kama nakuasi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi guu langu lilikuwa na hitilafu tayari, nikaona sina cha kupoteza. Nikaandika yote.

Wakapiga simu. "Dada, siku ya usaili ungependa tukuandalie nini? Chumba kiwe cha chini?" Sikuwahi kuulizwa hivyo, Mama. Nikasema ndiyo, kiwe cha chini. Siku yenyewe niliwakuta wameshakaa, nikaingia magongo yakigonga sakafu ko, ko, ko, nikasimama mbele yao nikaamkia kwa sauti.

Sasa niko masjala, natunza mafaili, nimepanga chumba Mkonze, hapahapa Dodoma. Mlangoni pa ofisi yetu wamejenga njia ya mteremko. Ya kwanza ilikuwa kali hata wahudumu wakaiogopa. Nililalamika, ikajengwa upya. Ndiyo, Mama, siku hizi mwanao analalamika, na anasikilizwa!

Juzi mimi na wenzangu tulitumwa huko nyumbani Mpwapwa kuwahimiza wenye ulemavu waombe nafasi mpya. Kwenye nyumba moja mama akatuambia binti yake amelala. Usingizi huo naujua, nimeulala miaka mingi. "Mwamshe tu, mama," nikasema, "mwambie mgeni mwenyewe ana magongo."

Binti akatoka akichechemea, macho hayabanduki kwenye magongo yangu. Kumbe alishamaliza kidato cha nne. Tukajaza fomu pale barazani, tunacheka. Tulipofika kwenye sehemu ya ulemavu, kalamu ikasimama, akamtazama mama yake.

Yule mama alinitazama mimi, kuanzia usoni hadi miguuni, bila haraka. Akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Andika," akamwambia. "Andika kwa herufi kubwa."

Pumzika wewe, Mama. Mimi kesho nina kazi.

Kitindamimba wako