Kifaa cha Kushika Mwendo

Trelew, 4 Septemba 1999

Mpendwa binti yangu Nélida,

Hujambo? Na wajukuu ninaowajua kwa picha tu, hawajambo? Sisi tupo, upepo unatupiga kama kawaida. Kifundo cha mguu nilichovunja nilipotumbukia kwenye shimo la karakana hakijapona. Nikikanyaga mafuta kwa muda, kinawaka moto.

Kaka yako Osmar amenifungia kifaa cha kushika mwendo kwenye gari langu, Falcon. Unabonyeza kitufe, gari linakwenda lenyewe, mguu unapumzika. Taa yake inawaka ila hakishiki. Osmar anasema tumeuziwa kibovu. Wewe unaonaje? Kikifanya kazi nitakuja Bahía Blanca, hatimaye niione nyumba yako.

Ni mimi baba yako.

Bahía Blanca, 13 Septemba 1999

Shikamoo Baba,

Pole sana na mguu. Sisi wazima. Hii ni barua yako ya kwanza tangu niondoke, na umeniandikia habari za gari. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka.

Osmar aingie chini atazame sumaku aliyoifunga kwenye propela, ule mhimili unaozungusha magurudumu. Ikiwa mbali na kidude kinachosoma mzunguko, kifaa hakijui gari linakwenda kasi gani. Viachane upana wa kidole tu. Na aache kumenya waya kwa meno, nilimkataza zamani.

Njoo, Baba. Mimi huko siji. Karakana ile tuliijenga wawili, mimi na wewe, ukampa Osmar kwa sababu ni mwanamume. Nimelisema, basi.

Binti yako.

Trelew, 27 Septemba 1999

Mwanangu,

Salamu kwako na kwa wote hapo. Mguu ni uleule. Osmar amesogeza sumaku, bado kinagoma. Sasa anataka kulitupa lidude lenyewe.

Hilo la karakana tuliache. Wateja wa huku hawakuzoea kuona mwanamke chini ya gari, nami nilitaka amani. Nisaidie, nataka kuja.

Baba yako.

Bahía Blanca, 5 Oktoba 1999

Shikamoo Baba,

Natumaini u mzima. Mwanangu wa mwisho alikuwa na homa, amepona.

Hebu niambie, nani amesimama nyuma ya gari ukikanyaga breki? Kifaa hicho hupitisha umeme kidogo kwenye balbu za breki, kihakikishe kwamba ukikanyaga kitajizima. Balbu zikiwa zimeungua kinakataa kushika, na kina haki ya kukataa. Abadilishe balbu, akwangue kutu pale waya wa erthi wa taa hizo unapogusa bodi ya gari. Kisha mjaribu mahali pasipo na watu, ukanyage breki uone kama kinaachia. Usisafiri kabla ya hapo. Nakuomba.

Binti yako.

Trelew, 20 Oktoba 1999

Nélida wangu,

Hamjambo wote? Mimi leo sijambo kabisa. Balbu zote mbili zilikuwa zimekufa. Sasa kinashika, na nikigusa breki kinaachia.

Kwa wenzangu wa klabuni nimesema Osmar ndiye aliyegundua. Usikasirike, yeye ana wateja wa kutunza. Tunakwenda Tandil, mbele ya kwenu, kwenye harusi ya shemeji yake. Tukirudi, Jumapili tarehe 14 Novemba, mchana tutakula kwako.

Baba yako.

Bahía Blanca, 1 Novemba 1999

Shikamoo Baba,

Sisi wazima. Nimekasirika, lakini njoo. Nitapika ravioli kwa mkono, zile za unga zenye nyama ndani, kama za marehemu Mama, na mume wangu atachoma mwanakondoo. Watoto wanagombana nani akae karibu nawe.

Binti yako.

Trelew, 19 Novemba 1999

Mwanangu,

Natumaini hamjambo. Harusi ilifana. Jumapili tulipokaribia kwenu kifaa kilikuwa kimeshika kilomita mia na kumi kwa saa, mguu hauumi hata kidogo. Osmar akasema tukiingia mjini hatutoki mpaka jioni, na Jumatatu asubuhi ana mteja. Usukani nilikuwa nao mimi. Sikutaka kubishana naye mbele ya mkewe. Kwenye njia panda ya kwenu nilipiga honi. Usichukie, siku nyingine.

Mteja mwenyewe ana kifaa kama changu kwenye pikapu. Kinashika vizuri, akipanda mlima kinalegea. Osmar anauliza aanzie wapi.

Baba yako.

Bahía Blanca, 29 Novemba 1999

Baba,

Tulikungoja mpaka ravioli zikagandana. Watoto walikaa mlangoni na nguo zao za Jumapili. Giza lilipoingia nikapiga simu polisi wa barabarani, kisha hospitali, nikiuliza kuhusu Falcon na mzee mwenye kifundo kibovu. Nilifikiri kifaa kimekataa kuachia. Nilifikiri nimekosea waya, nimemuua baba yangu kwa barua. Nililia mbele ya wanangu. Kumbe ulikuwa mzima, na mguu umepumzika.

Pikapu hiyo ina bomba la mpira lililopasuka, lile la hewa linalokipa kifaa nguvu, pale linapoingia kwenye injini. Nakuambia kwa sababu mwenye gari hajanikosea kitu.

Maswali ya magari nimemaliza kuyajibu. Ukiwa na la kuniuliza mimi, njia unaijua, umeshaipita.

Nélida.