Alama za Vidole Kwenye Picha ya Mikono Yangu

Alhamisi. Eldoret imeamka na ukungu, na baridi ya kuuma.

Nikuambie, daftari langu, jambo ambalo sijamwambia mtu: naogopa picha kuliko maumivu. Maumivu ya baridi yabisi hupungua jua likipanda. Lakini eksirei ikionyesha kwamba mfupa umeliwa, basi umeliwa.

Leo nilipigwa nyingine. Mwaka jana daktari alisema ugonjwa ukizidi kula viungo vya vidole, nisahau chuo cha taipu. Nimemaliza kidato cha nne juzi tu, na sina mpango mwingine.

Picha ya mwaka jana tuliibeba kutoka nyumbani. Mama huiweka pamoja na albamu. Mgeni akija hupewa picha za harusi, za ubatizo, halafu mikono yangu, aiinue dirishani aone mifupa. Mimi hukimbilia jikoni kwa aibu.

Hospitalini tulingoja kwenye benchi chini ya picha ya Rais hadi tukaitwa. Daktari aliibandika ile ya zamani kwenye kisanduku cha taa, akakunja uso.

"Mama, nani ameishika hii kwa vidole vyenye mafuta?"

"Ni akina mama wa kanisa, daktari. Waliiwekea mikono wakaiombea."

"Wakiwa wanakula mandazi?"

"Sasa daktari, chai ilikuwa mezani tayari."

Nilitamani ardhi ipasuke.

Akaifuta pole pole kwa pamba, akaweka ya leo kando yake. Alikagua kifundo baada ya kifundo. Kwenye kidole changu cha kati kuna pengo dogo, kama palipogugunwa na panya. Mwaka jana lilikuwepo. Leo lipo.

Halijakua. Na hakuna jipya.

"Dawa inafanya kazi," alisema. "Endelea nayo, Rispa. Nenda ukajifunze taipu. Na wewe mama, hii si picha ya harusi."

Mama alicheka huku machozi yakimtoka.

Asante, Mungu.

Tangu turudi nawafikiria wale wanawake. Nikiwa jikoni nilidhani wanashangaa mifupa yangu. Kumbe walikuwa wamefumba macho, wakilitaja jina langu.

Mama ameahidi kwamba wageni hawatazishika tena picha hizo. Lakini Jumatano akina mama wa kanisa wakija, nitatoka jikoni nikizibeba zote mbili mimi mwenyewe. Nitaziinua dirishani, nizishike pembeni kwa vidole vikavu, niwaonyeshe mahali ugonjwa uliposimama.

Tafadhali, usimwambie Mama. Ataanza kulia kabla chai haijachemka.