Mistari Miwili Juu ya Hundi ya Mishahara

Korogwe, Jumapili

Kaka yangu Mhando,

Shikamoo. Je, homa ya mama imepoa? Na mvua, imefika Handeni au bado mnatazama mawingu? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio mgonjwa.

Ijumaa karani mkuu aliugua, bwana meneja akaniamuru niandike hundi ya mishahara ya shamba zima. Sijawahi kuandika hundi, kaka, nimefundishwa tu shuleni. Nikafanya kama nilivyofundishwa: wino usiofutika, maneno yaanze ukingoni kabisa, yalingane na tarakimu, mwisho niandike “tu”, na nafasi iliyobaki niipige mstari, mwizi asipate pa kuongeza. Kwa woga nikazidisha: nikachora mistari miwili ya kukinga, juu mpaka chini. Bwana akatia sahihi bila kutazama.

Jana tarishi wetu, Mzee Salimu, akarudi kwa gari moshi kutoka Tanga na mfuko mtupu.

“Mwanangu, benki wamekataa. Hundi yenye mistari hiyo hailipwi mkononi. Lazima iingie kwenye hesabu ya mtu ya benki.”

Wakata mkonge walikuwa wamejaa uani tangu mchana. Mmoja akapaza sauti, “Karani, watoto wangu leo wale mistari?” Mnyapara naye: “Huyu kafunga mlango, mwenye nyumba kalala nje!” Wakacheka, lakini si kwa furaha.

Bwana akaniita. “Ulikuwa unailinda na nani?”

“Na wezi, bwana.”

“Vizuri. Wezi hawakupata kitu. Na watu wangu pia hawakupata kitu.”

Ile akaichana, nikaandika nyingine bila mistari. Kesho naipeleka Tanga mimi mwenyewe pamoja na Mzee Salimu. Ikikataliwa, nimeambiwa nisihangaike kurudi ofisini.

Sasa niambie, kaka, hapa nilale vipi? Ile salama imenitia aibu. Hii ya sasa, yeyote atakayeiokota atalipwa! Nimeishona ndani ya fulana, na tangu asubuhi siinami wala sikai vizuri, nisije nikaikunja.

Msalimie mama, lakini haya usimsomee. Msalimie shemeji na watoto, na mjomba aliyenilipia ada. Yeye mwambie tu kwamba naendelea na kazi. Mpaka kesho mchana ni kweli.

Mdogo wako,
Sefu